Upande Ulioanguka

Mitambo haifi siku ya mazoezi. Siku ya mazoezi kila taa inawaka, kila waya unatii, na mafundi wanakunywa soda wakisimuliana visa. Mitambo husubiri ukumbi ujae, televisheni ianze kurusha moja kwa moja, na mwimbaji awe amesimama gizani nyuma ya pazia, ndipo inapokata roho. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile alasiri. Kompyuta kubwa iliyobeba picha zote za onyesho ilikohoa mara moja, ikazima, na skrini iliyofunika ukuta mzima wa nyuma ya jukwaa ikabaki nyeusi tii.

Fundi wa skrini alibonyeza, akachomoa, akachomeka, akabonyeza tena. Hata picha za kamera zilipitia kompyuta ile ile, kwa hiyo sura ya mwimbaji mwenyewe isingeweza kurushwa skrinini. Kupitia kipokea sauti kilichokuwa masikioni mwake, Meneja wa onyesho alikuwa akimtukana kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Alimwambia kwamba mwimbaji anatoka kwa vyovyote vile, na kwamba skrini ikibaki hivyo, Fundi asijisumbue kuonekana tena. Fundi hakuwa na ajira pale. Aliitwa kwa simu, onyesho kwa onyesho, na kibarua cha namna hiyo huota nyasi kwa neno moja tu.

Akatoa laptopu yake begini. Ilikuwa laptopu ya kazi ndogondogo, na ndani yake mlikuwa na mapambo ya harusi za watu: mawaridi yanayofunguka, mioyo inayopaa, njiwa wawili. Mlikuwa pia na programu ya kuchezea picha, ya kuzikata, kuzigeuza, kuzipaka rangi na kuzitikisa kwa mdundo. Alichomeka waya, skrini ikapokea, akarusha mawaridi. Mwimbaji akatoka akimlilia mpenzi wake kwa uchungu wote alionao, na nyuma yake maua ya pinki yakawa yanafunguka kwa furaha. Watu wa viti vya mbele wakaanza kuguna, na mmoja akapiga mluzi.

"Hii harusi ya nani?" Meneja aliuliza masikioni. "Toa hizo takataka. Nipe mtu. Nipe sura ya mtu."

Sura ya mtu alikuwa nayo moja tu, ya mkewe.

Mkewe, Mama Nukta, aliamka asubuhi moja miezi kadhaa nyuma akakuta upande wa kushoto wa uso umepooza. Jicho halifumbi, shavu limeshuka, pembe ya mdomo imening'inia. Mtaalamu wa viungo pale kliniki aliwaambia kwamba uso wa namna ile unaweza kurudi, ila kwa mazoezi ya kila siku bila kukosa, na kwamba apigwe picha za video akiyafanya ili maendeleo yaonekane. Fundi aliitikia kwa moyo wote. Kila jioni alimkalisha mkewe mbele ya ukuta mweupe, akamwekea taa ya kazini, akaihamisha huku na huku mpaka kila msuli ukaonekana. Ndiyo maana klipu zile zilikuwa safi kuliko chochote kingine kilichokuwamo kwenye laptopu. Alizipiga kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyozifanya zifae kwa kazi.

Alijiambia kwamba hakuna atakayemtambua. Programu ile iliweza kuikata sura katikati na kuurudia upande mmoja, kulia kukafanana na kushoto. Akachukua upande wa kulia, usio na ugonjwa. Mwanamke mrefu kuliko nyumba akatokea nyuma ya mwimbaji, amekamilika, anafumba macho yote mawili polepole na kuyafumbua. Ukumbi ukanyamaza. Tangu asubuhi ile ya ugonjwa Fundi hakuwa amemwona mkewe akiwa mzima, na sasa alikuwa pale, kama siku aliyomwoa. Kwa muda wa wimbo ule mmoja alikuwa mume mwema na fundi hodari kwa pamoja.

Wimbo wa pili ulikuwa wa kejeli. Mwimbaji alikuwa anamcheka mwanamke aliyemwacha, kwamba sasa amechakaa, amekwisha, hatazamiki. Meneja akarudi masikioni na kusema kwamba mrembo huyo hafai tena. "Mharibu," alisema. "Haraka."

Fundi hakuhitaji kuharibu kitu. Alibonyeza mara moja, programu ikageukia upande wa pili.

Mashavu mawili yaliyoanguka. Macho mawili yasiyofumba, yanayotiririka machozi. Mdomo ulioning'inia kotekote, unaojitahidi kutabasamu na unashindwa, kisha unajitahidi tena, maana mkewe alikuwa mtu wa kujitahidi. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mwimbaji aligeuka kutazama, akashika tumbo, akaanza kuuimbia uso ule, akiuonyesha kidole. Akatia kidole shavuni mwake akalivuta chini, na watu wote ukumbini wakavuta mashavu yao. Bado Fundi angeweza kuitoa picha. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Badala yake aliusikiliza mdundo, akaufuata, akaufanya uso uruke kila ngoma inapopigwa, na akaona kwamba anafanya kazi nzuri kuliko aliyowahi kufanya maishani.

*

Nyumbani Mama Nukta alikuwa amewasha televisheni mapema. Si mara nyingi kazi ya mumewe kurushwa moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza tangu augue alimkaribisha jirani wa mlango wa pili aje watazame pamoja. Alijifunga mtandio vizuri, ukafunika upande ule, akatenga chai, akamwambia jirani kwamba mwimbaji ni mwimbaji tu, lakini rangi na mapicha yote yale ya nyuma ni kazi ya baba wa nyumba.

Mwanamke wa wimbo wa kwanza walimsifia wote. Jirani alisema ana macho mazuri. Mama Nukta hakujitambua, maana mtu huzoea uso alionao hata akiuchukia. Ulipokuja wimbo wa pili jirani alivunjika mbavu. Alicheka mpaka chai ikamwagikia mapajani, akalivuta shavu lake kama walivyofanya kule ukumbini, akamgeukia mwenyeji wake wacheke wote. Hapo ndipo Nukta, mtoto wa miaka minane, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu kabisa na televisheni, aliposema bila kugeuka:

"Mama, huyo ni wewe."

Jirani alitazama televisheni, akamtazama Mama Nukta, akatoa kidole shavuni. Alikumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Mama Nukta alimsindikiza hadi mlangoni, akamshukuru kwa kuja, akarudi kuketi. Alimwambia mwanawe kwamba ule ni mchezo wa kompyuta tu, na kompyuta siku hizi zinaweza kumchora mtu yeyote. Kisha akautazama wimbo mpaka mwisho. Alitaka kujua utachukua muda gani.

Fundi aliporudi alikuta amewekewa chakula na kimefunikwa. Hiyo ilimtisha kuliko matusi. Alieleza yote kabla hajaulizwa: kompyuta iliyozima, mawaridi, Meneja, upande mzima uliotangulia, jinsi watu walivyonyamaza kwa uzuri wake. Mkewe alimwacha amalize.

"Walicheka?" aliuliza.

"Walishangilia, Mama Nukta. Onyesho liliokoka."

"Sikuulizi habari za onyesho. Nauliza, walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kazini."

Mama Nukta hakulia, au tuseme jicho lile lilikuwa likilia siku nzima hata bila sababu, hivyo hapakuwa na namna ya kujua. Alimwambia azifute zote. Fundi alifungua laptopu pale pale, juu ya meza ya chakula, kwa nia safi kabisa. Alikuwa anatafuta klipu ya kwanza simu ilipoita.

*

Meneja alisema kwamba mji mzima unavuta mashavu. Watoto wanavuta, makondakta wanavuta, msomaji mmoja wa habari amevuta mwishoni mwa taarifa. Mwimbaji anaanza safari ya maonyesho ya viwanjani na hataki kwenda bila uso ule. Fundi ataajiriwa rasmi, mshahara wa kila mwezi na matibabu ya familia. Kisha akauliza yule mama amemtoa wapi.

"Nimemtengeneza kwa kompyuta," Fundi alijibu.

"Basi mtengeneze tena. Anywe maji, ale, aite mtu kwa jina. Hizi tulizonazo watu watazichoka."

Fundi alijaribu kwa njia ya heshima kwanza, tumpe haki yake. Alijifungia chumbani, akajibandika plasta shavuni, akalivuta mpaka sikio likauma, akajipiga klipu za kutosha na kuzikata na kuzirudia. Meneja alizirudisha siku hiyo hiyo. Huyu anaigiza, alisema. Yule wa kwanza alikuwa haigizi.

Hapo ndani ya nyumba mambo yalikuwa hivi. Mama Nukta alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli, na uso ulipoanguka walimwambia kwa upole apumzike nyumbani, kiti chake kitamngoja siku uso utakapokaa sawa. Wageni, walimwambia, hupenda kupokelewa kwa tabasamu. Tangu hapo aliishi kwa ajili ya kiti kile. Alifanya mazoezi akipika, akifua, akimsuka mtoto nywele: vimba mashavu, kunja paji, tamka "u", tamka "i". Hakutaka utajiri wala fidia. Alitaka kusimama nyuma ya kaunta na kumwambia mtu asiyemjua karibu, mtu huyo asishtuke. Ila kliniki ilihitaji kulipiwa, na anayelipa alikuwa Fundi.

Mama Nukta aliyajua yote hayo Fundi alipokuja kuketi kitandani kando yake na kuanza kuzunguka mbuyu. Alimwacha azunguke kidogo, halafu akamkata.

"Unataka unipige picha."

"Kwa muda tu. Na kliniki utakwenda kila wiki, sasa wanalipa wao."

"Kila wiki. Usiruke hata moja."

"Hata moja."

"Na siku nikipona, imeisha. Hata kama uwanja umejaa."

"Ukipona imeisha," Fundi alisema, na wakati anasema aliamini.

Wakarudi kwenye ukuta mweupe. Taa ilikuwa ile ile, kiti kile kile, lakini maneno yalibadilika. Zamani Fundi alimwambia, jitahidi, lisukume hilo shavu, umeliona limetikisika? Sasa alimwambia asijitahidi sana. Alimwambia atabasamu lakini asilisukume. Baada ya siku chache aligundua kwamba mkewe akitoka kwenye mazoezi, misuli huwa imepata joto na shavu hukaa juu kidogo, na hiyo ilivuruga picha. Akamwomba mazoezi yasogezwe, yafanywe baada ya picha. Baada ya picha Mama Nukta alikuwa amechoka.

Kliniki walikwenda wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu kulikuwa na safari ya uwanjani, ya nne gari la ofisi la kuwapeleka lilichelewa. Fundi hakusema uongo hata mara moja. Gari lilichelewa kweli, na yeye hakupiga simu kuliulizia.

Nje mambo hayakuwa siri tena. Jirani alikuwa ameshaisambaza habari mtaa mzima kwa nia njema kabisa, akisema jamani msimcheke, ni ugonjwa. Nukta alirudi shule siku moja na shavu jekundu, akakataa kusema. Mama yake alipombana alisema kwamba wenzake walimshika wakamvuta, wakitaka kujua kama na yeye lake linashuka.

*

Siku Meneja alipokuja mwenyewe nyumbani, alivua viatu mlangoni na kuleta matunda. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alipoinua kichwa na kumwona Mama Nukta, aliupiga uso wote jicho moja, kisha akabaki anautazama mdomo.

"Kumbe ni shemeji," alisema, akamgeukia Fundi kwa kicheko cha lawama. "Umetuficha hazina ndani ya nyumba."

Alimwambia Mama Nukta kwamba ana kipaji, kwamba wapo waigizaji wanaolipwa fedha nyingi na hawawezi hata robo ya kile anachokifanya. Mama Nukta alimwambia kuwa yeye haigizi chochote, ni mgonjwa. Meneja akaitikia kwa kichwa, kwa huruma kubwa, akasema ndiyo maana inagusa.

Kisha akaomba kitu kidogo. Safari hii mwimbaji ana wimbo mpya, kuna mahali anamwambia yule mwanamke wa zamani anywe maji apoze moyo. Shemeji akinywa glasi moja tu mbele ya kamera, itatosha. Mama Nukta alimtazama mumewe. Tangu augue alikuwa anakunywa kwa mrija, jikoni, akiwa ameupa mlango mgongo, na hata mwanawe hakuwahi kumwona akinywa. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mirija alikuwa akinunua yeye.

Fundi aliinama akaisogeza taa.

Glasi ililetwa. Mama Nukta alikunywa, na maji yakafanya yale aliyojua yatafanya. Yalitoka pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni, yakalowanisha kifua cha gauni. Meneja aliomba arudie, safari hii anywe kwa kiu zaidi. Akarudia. Akarudia tena. Katikati ya mara ya tatu mtoto alitoka chumbani, akapita kati ya kamera na mama yake, akamfuta kidevu kwa kiganja. Meneja alimwuliza Fundi kama mkono ule wa mtoto umeingia kwenye picha. Fundi alitazama kwenye kioo cha kamera akasema umeingia.

"Uache," Meneja alisema. "Ni mzuri."

Usiku wa onyesho lile uwanja mzima ulishika chupa za maji. Mama Nukta hakuwasha televisheni.

*

Uso ulirudi wenyewe. Hakuna aliyeusukuma, kliniki zimeachwa, mazoezi yanafanywa kwa kuibia chooni, lakini mwili nao una ukaidi wake. Asubuhi moja alikuwa ananawa kwenye beseni, povu likamwingia jichoni, na jicho likafumba. Lilifumba bila kusaidiwa na kidole. Alisimama hapo maji yakimchuruzika, akalifumba tena, akalifumbua. Akatamka "i", na pembe ya mdomo ikapanda, ikitetemeka, ikakaa. Alichukua kikombe cha maji akanywa, akameza yote, kifua kikabaki kikavu.

Furaha ina upumbavu wake. Angeweza kumwita mtoto, aliyekuwa anavaa viatu vya shule. Angeweza kuchukua mkoba na kwenda moja kwa moja hotelini. Lakini mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa mumewe. Alizikumbuka zile jioni za mwanzo, kabla ya skrini, alipokuwa akimwambia umeliona limetikisika, na sauti yake ikatetemeka kuliko shavu lenyewe. Alisamehe mambo mengi kwa mkupuo mmoja pale kwenye beseni, hata ile glasi.

Fundi alikuwa chumbani anakunja nyaya, maana gari la safari lingekuja kumchukua kabla ya adhuhuri. Mama Nukta alifungua pazia, akasimama penye mwanga.

"Baba Nukta, hebu nitazame."

Alifumba macho yote mawili. Kisha akatabasamu, na kabla tabasamu halijakamilika akayafumbua macho, kwa sababu alitaka kuiona furaha ya mumewe ikiwa bado mbichi. Aliyafumbua mapema mno. Fundi hakuwa amepata nafasi ya kuupanga uso wake, na mkewe akaona uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Haukudumu. Mara Fundi akacheka, akaziacha nyaya, akamshika mabega, akasema Mungu mkubwa, akasema atamwambia mama yake, akasema watasherehekea akirudi. Hakuna neno lililokosewa. Halafu akalitazama lile shavu.

"Bado unaweza kulishusha?" aliuliza. "Ukitaka tu. Yaani likae vile lilivyokuwa."

Mama Nukta akalegeza shavu, akauacha mdomo uning'inie.

"Hivi?"

Alikuwa anampa nafasi ya kusema basi, acha, nilikuwa natania. Ilikuwa nafasi ndefu, na mtu yeyote mwenye chembe ya aibu angeitumia. Fundi alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja kama afanyavyo anapopima picha.

"Chini kidogo," alisema.

Mama Nukta akalishusha. Fundi akamwambia abaki hapo hapo, mwanga wa dirisha unafaa ila hautoshi, akatoka kwenda kuleta taa. Mkewe alibaki amesimama mbele ya pazia lililofunguliwa, amelishikilia shavu kwa nguvu ili mumewe akirudi asije akakuta limepanda.